Pumzisha Kwanza, Kisha Pima

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikwenda zahanati kupimwa presha. Nilikuwa nimepanda ngazi kwa kasi, maana nimestaafu mimi, miguu haijastaafu. Nikapandisha mkono wa kanzu na kumnyoshea muuguzi. Msichana yule akaniangalia usoni, akakiweka kando kile kitambaa chake cha kufunga mkono, akasema, "La, babu. Pumzika kwanza. Nikikupima hivi unavyohema nitakuandikia dawa za mtu mwingine."

Nikakaa kwenye benchi. Yeye alidhani nimetulia, kumbe machozi yalikuwa yakinilengalenga. Neno hilo alilolisema ndilo nililolielewa vibaya nikiwa kijana katika kibanda cha matairi kule Changamwe, na aliyeumia kwa kosa langu ni mtu mwingine.

Hapa Bofu, Likoni, ng'ambo ya feri ninapokaa, vijana wenye pikapu hawanipiti barazani bila kuuliza. "Mzee Athumani, gari langu nilitie upepo kiasi gani?" Wanataka nambari, wala hawataki maneno. Nambari nitawapa, lakini leo mtavumilia na maneno, kwa sababu mimi nilizijua nambari zote na bado nilimwumiza mtu.

Kibanda chetu kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Port Reitz. Mwenyewe alikuwa Fundi Kombo, mzaliwa wa Kisauni, mtu wa Mvita wa asili, mwembamba, hakosi kofia ya kiua kichwani na geji ya kupimia upepo shingoni imefungwa kwa uzi wa kamba. Kwake tairi lilikuwa mtu. "Huyu yuna njaa," atasema. "Huyu ameshiba, hata kucheka hawezi." Wateja walimcheka wao, lakini waliondoka Changamwe na kufika walikokuwa wakienda.

Niliajiriwa hapo nikiwa najivunia teke langu. Nilikuwa nimefanya kazi ya utingo kwenye malori, na utingo hupima tairi kwa kulipiga teke na kusikiliza mlio. Siku ya kwanza Fundi Kombo akasimamisha magurudumu mawili ukutani, akaniambia nimpige kila mmoja na nimwambie nani ana upepo mwingi. Nikapiga, nikasikiliza kwa makini kama shehe anayesubiri mwezi kuandama, nikamwonyesha wa kulia. Akapachika geji. Wa kulia alikuwa na paundi ishirini, wa kushoto arubaini. Yule wa kulia alikuwa na mbavu nene, tairi la kubebea mizigo, ndiyo maana mguu wangu ulidanganyika.

"Teke ni la punda," Fundi Kombo akasema. "Tairi hupimwa kwa geji."

Nawaona bado mkipiga mateke, nyinyi wenye viatu vyeupe. Matairi ya siku hizi ndiyo kabisa, yanaweza kukosa upepo wa kutosha na bado yakasimama wima yakikutazama. Nunueni geji. Iwekeni garini, na kila mara mtumie hiyo hiyo moja, kwa sababu geji za watu nazo zina tabia za watu, hii husema zaidi, hii hupunguza, lakini iliyo yako utazoea uongo wake.

Haya, nambari. Alikuwapo bwana mmoja aliyepeleka mayai kwenye hoteli za Shanzu kwa pikapu. Tulimwita Bwana Mayai, jina lake la nyumbani sikulijua. Bwana huyu alikuwa msomi, na kwa kuwa alikuwa msomi alisoma ubavuni mwa tairi lake akaona maandishi madogo yanayotaja paundi sitini na tano. Akaniamuru nimtie sitini na tano pande zote nne. Nikamweleza kwamba ile nambari ya ubavuni ni mwisho wa tairi, si haja ya gari. Sufuria ikiandikwa kwamba inachukua kilo tano za mchele, hupiki kilo tano kwa sababu wamekuja wageni wawili. Akaniuliza nilisoma mpaka darasa la ngapi. Nikamtia sitini na tano.

Gari tupu au lenye mzigo mwepesi, ukilijaza hivyo linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Kila shimo la barabarani linamfikia abiria, na abiria wake walikuwa mayai. Alirudi alasiri, amefunga vioo kwa aibu na harufu. Fundi Kombo akachungulia nyuma, akamwuliza kwa upole, "Hoteli siku hizi yanunua kimanda kibichi?"

Nambari ya gari lako imeandikwa garini mwako. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ule mlango unapofungia, utaona kibandiko. Kimetaja magurudumu ya mbele mbali na ya nyuma mbali, na kwenye pikapu mara nyingi hutaja gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Pikapu nyingi hizi tunazoziona, mbele huridhika na thelathini na kidogo, mzigo uwepo usiwepo. Nyuma ndiko kwenye maneno. Tupu, huwa karibu na ile ya mbele. Ikishajaa inapanda arubaini na kitu, na nyingine hamsini. Lakini usije ukasema Mzee Athumani alisema thelathini. Mzee Athumani alisema fungua mlango.

Kama kibandiko kimebanduka au gari lilipakwa rangi juu yake, tazama kitabu cha gari. Kama kitabu hakipo, uliza mwenye gari kama lako aliyelitunza. Halafu tairi lenyewe litakwambia ukilipa nafasi. Likilika meno yake pande zote mbili na katikati yakabaki, lina njaa siku nyingi. Likilika katikati tu, unalishibisha kupita kiasi. Likilika upande mmoja, hiyo si kazi ya upepo, mpelekee fundi wa chini ya gari wala usinisumbue.

Na valvu ichunguzeni. Sisi tulikuwa tunapaka mate kidogo kwa kidole. Mate yakifanya povu, upepo unatoka. Mwezi wa Ramadhani tulitumia maji ya sabuni, maana mate ya mtu aliyefunga ni ya kuwekea akiba. Siku hizi naona kuna magari yenye taa inayowaka mbele ya dereva kumwambia tairi limepungua, na kuna watu wanauza upepo wa naitrojeni kama uturi. Sipingi. Ila mjue hewa hii tunayovuta bure, sehemu yake kubwa ni hiyo hiyo naitrojeni. Mwenyezi Mungu alitutilia zamani.

Sasa nije kwenye neno.

Tairi linapokimbia linapata moto, na upepo ndani yake ukipata moto unatanuka, kwa hiyo geji inasoma zaidi ya haki. Gari lililotoka mbali juani linaweza kuongeza paundi tano, sita, na zaidi likielemewa na mzigo. Madereva wetu waliliogopa sana jambo hili. Walikuwa wakija kibandani saa saba za mchana, lami inanata kwenye viatu, wanasema, "Fundi, zimejaa, zitapasuka." Na Fundi Kombo alijibu neno moja, "Mpumzishe." Kisha anakwenda kuswali adhuhuri au kunywa kahawa yake. Mimi wakati huo nilikuwa natumwa maji au nafungua gurudumu la mtu mwingine upande wa pili. Nikirudi, namkuta amechuchumaa, geji mkononi, na wakati mwingine namsikia akitoa upepo, tsss, kidogo. Kwa hiyo kichwani mwangu kumpumzisha ilikuwa ile tsss. Pumzi na kupumzisha, nikaona ni nyumba moja. Sisi watu wa pwani twajigamba kwamba Kiswahili ni chetu, nami nilizaliwa nacho mdomoni, na neno la Kiswahili ndilo lililoniangusha.

Chengo alikuwa rafiki yangu. Mtu wa Kaloleni, mwenye pikapu ya buluu na mdomo wa utani. Kila akija aliniambia siku moja atanitilia pombe ya mnazi kwenye chai nisijue, nami nilimwambia siku hiyo nitamtilia maji kwenye tangi la petroli. Siku hiyo alikuja mchana, Fundi Kombo amekwenda msikitini. Alikuwa amezunguka tangu asubuhi, kisha akapakia saruji ya kutia sakafu nyumba ya mamake. Gari lilikuwa la mifuko ishirini. Alikuwa ameweka ishirini na mitano, ili sakafu iishe kwa safari moja.

"Athumani, nitazamie hizi za nyuma," akaniambia. "Naona kama zimejaa, na mbele kuna milima."

Nikapima. Hamsini na tano. Nilijua kibandiko chake kinasema hamsini kwa mzigo. Nikaona zimezidi, na jua lile, na milima ile, nikataka kumfanyia wema. "Ngoja nimpumzishe," nikamwambia. Nikatoa upepo mpaka arubaini, kulia na kushoto. Chengo alisimama kando yangu kivulini akitazama kila kitu, akauliza kwa nini, nikamweleza kwa fahari ya fundi: jua likiwa kali, tairi la moto mpumzishe, hatapasuka. Akanishukuru, akaondoka akipiga honi.

Tairi lililo na moto, lenye kusoma arubaini, likipoa ni kama thelathini na tano. Na thelathini na tano chini ya mifuko ishirini na mitano ya saruji ni tumbo tupu chini ya gunia. Linakunjika mbavu kila likizunguka, na kukunjika ndiko kunakozidisha moto. Yaani nililitoa upepo lisipasuke, na kule kulitoa ndiko kulikolipasua. Lilipasuka la nyuma kushoto, kwenye mteremko kabla ya Kaloleni. Gari likapinduka na mzigo wake, mguu wa Chengo ukabaki chini ya mlango.

Asubuhi yake Fundi Kombo alinikuta nimekaa juu ya tairi bovu, sifanyi kazi. Akachuchumaa mbele yangu.

"Ulimfanyani yule wa nyuma?"

"Nilimpumzisha, Fundi. Kama ulivyonifunza."

"Ulimpumzisha muda gani?"

Sikumwelewa. "Muda gani vipi, Fundi?"

"Muda gani, mwanangu. Saa moja? Saa tatu? Alipumzika kivulini wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Alikuwa akisema gari liegeshwe, liachwe lipoe, ndipo lipimwe, na likiwa baridi likaonekana bado limezidi, ndipo litolewe. Ile tsss niliyokuwa nikiisikia ilikuwa mwisho wa jambo refu ambalo mimi sikuwa nimesimama kuliona. Nami ulikuwa mwaka wangu wa tatu pale, nikiogopa kuuliza neno nililodhani nalijua.

Fundi Kombo hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema, "Na mimi nina sehemu yangu, sikukwambia kwa kituo. Lakini Chengo umwambie wewe. Hili si jambo la kusemewa."

Nikamwambia inshallah. Mungu anisamehe, inshallah yangu ile ilikuwa ya kuahirisha.

Nilikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Mguu ulikuwa umeshakatwa chini ya goti. Mamake Chengo alikuwa ameketi kando ya kitanda na leso yake mabegani, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Baba, ni sakafu yangu. Mimi ndiye niliyesema aimalize siku moja." Chengo akamkatiza, "Si wewe, mama. Ni mimi na mifuko yangu mitano." Walikuwa wanagombania kosa langu mbele yangu. Nikaweka machungwa mezani, nikasema pole, nikatoka. Nilipofika nje nililia, kisha nikavuka feri nikarudi nyumbani nikala wali. Hilo la wali ndilo linaloniumiza nikilikumbuka, kwamba nilikula nikashiba.

Miaka ikaenda. Fundi Kombo hakuniuliza tena mpaka alipofariki, ila kila gari la moto likija alikuwa ananitazama. Nami nikawa fundi wa kupumzisha kwelikweli. Nimewahi kuvutana shati na dereva mwenye haraka aliyetaka nimtolee upepo mchana. Nilifunza watu wengi. Niliwaambia wapime asubuhi kabla ya gari kuondoka, au baada ya saa tatu kivulini. Niliwaambia kwamba wakipakia mzigo waongeze upepo kabla ya safari, na wakishusha watoe gari likishapoa. Niliwaambia tairi la moto haliruhusiwi kutolewa upepo. Likiwa la moto na bado liko chini ya kibandiko, liongezwe, kwa sababu hilo lina njaa ya hatari. Kwenye mchanga tu wa ufuoni, pikapu ikizama, ndipo nilikubali itolewe hata ifike chini ya ishirini ili ipate kujikwamua, na irudishiwe upepo kabla ya kukanyaga lami. Yote haya niliyasema vizuri. Nilichokuwa sikisemi ni nilivyoyajua.

Chengo hakuendesha tena. Alihamia Kisauni, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Tulionana kwenye harusi na matanga. Alinitania bado. Kila mtu aliyemwuliza habari za mguu alimjibu neno moja, "Mifuko mitano ya tamaa," nami nilikuwa nikitazama upande mwingine.

Mwaka huu, siku chache baada ya yule muuguzi, nilikuwa nimekaa Likoni kwenye kibanda cha Rama. Rama ni fundi wa matairi, mtu mzima mwenye watoto wake, ananiachia kiti kwa sababu ya umri wangu na ili asikie umbea. Ikaingia pikapu nyeupe imejaa ndizi na nazi. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kilemba kichwani, jasho usoni, funguo kidoleni.

"Fundi, nina haraka, mzigo wafaa ufike Shanzu kabla ya alasiri," akamwambia Rama. "Mpumzishe huyu wa nyuma na mwenziwe. Nimetoka nao Lunga Lunga, wana moto."

Mpumzishe. Huyu. Wana moto. Tangu Fundi Kombo azikwe sikuwa nimemsikia mtu akisema hivyo, na Rama mwenyewe hakuelewa mpaka yule mwanamke alipomwonyesha valvu. Rama akainama.

"Usitoe," nikasema. Nikasimama. "Binti, neno hilo umelitoa wapi?"

"Shikamoo, babu. Nimelitoa kwa baba. Alinifunza kabla hajaniachia usukani. Jua likiwa kali, tairi la moto mpumzishe." Akatabasamu. "Na yeye alifunzwa na fundi mmoja Changamwe, sahibu yake sana."

"Baba ni nani?"

"Chengo. Mimi ni Kadzo."

Nilimwona mara ya mwisho akiwa mtoto wa kubebwa. Nikamweleza habari ya moto na mbavu za tairi, haraka haraka, kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza kwa adabu, lakini niliona amekunja uso.

"Babu, usione nakukosea heshima. Baba ameendesha magari kabla sijazaliwa. Na aliyemfunza alikuwa fundi."

"Fundi huyo ni mimi."

Rama alikuwa amechuchumaa na kifuniko cha valvu kiganjani, hathubutu hata kusimama. Kadzo akatazama gurudumu la nyuma, kisha akanitazama.

"Na siku ile ya Kaloleni?"

"Siku ile pia."

Alichukua kifuniko mkononi mwa Rama, akakirudisha mwenyewe kwenye valvu, akakaza. "Kila safari ndefu natoa upepo, babu. Kila safari," akasema. Nikatoa geji nimpimie, lakini hakungoja, akafungua mlango wa gari. "Mimi sitalibeba hili neno nyumbani. Mwambie yeye. Jumapili silitoi gari. Njoo mapema, kabla ya kanisa."

Msinione mzee mkadhani nina ushujaa. Usiku ule na uliofuata nilitafuta sababu ya kutokwenda. Nilipata nyingi, nzuri zote. Lakini nilikuwa nimeshaona kwamba kosa langu halikubaki Kaloleni. Lilikuwa limejifunza kuendesha gari, limekaa na yule binti kwenye usukani, linavuka feri pamoja naye kila wiki. Mdomo wangu ndio uliolituma huko, na mdomo huo huo ndio uliokuwa ukilinyamazia.

Jumapili nikafika Kisauni jua halijakolea. Chengo alikuwa uani, amevaa suruali ya kanisani, mguu wa kulia kwenye kiatu kilichong'arishwa, gongo limeegemea ukuta. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele yake. Akaanza utani wake, "Athumani, leo umekuja kubatizwa?" Sikumjibu kwa utani. Nikamwambia yote, nimesimama, kuanzia hamsini na tano mpaka arubaini, na neno la Fundi Kombo nilivyolisikia na lilivyokuwa. Nikamwambia na habari ya machungwa.

Kadzo alileta chai, akaiweka, ikapoa.

"Ulitoa ngapi?" Chengo akauliza.

"Kumi na tano."

"Kila upande?"

"Kila upande."

"Na ile mifuko mitano?"

"Ilikuwa mizito, sitakudanganya. Lakini kwa upepo kamili, na kwa mwendo wako, ungefika."

Chengo akaisukuma kando ile chai. "Mama hakukubali ile nyumba itiwe sakafu," akasema. "Tulimsihi mwaka baada ya mwaka. Ndugu zangu walileta saruji mpaka mlangoni, akaifukuza. Alisema hawezi kukanyaga mguu wa mwanawe. Amekufa kwenye udongo, Athumani."

Hilo sikuwa nalijua. Nilishindwa kusema hata pole, kwa sababu pole nilishaitumia vibaya hospitali. Nikakaa chini, pale pale, kwenye jiwe la kufulia.

"Kadzo," akaita.

"Abee, baba."

"Gari limelala hapa tangu lini?"

"Tangu jana alasiri."

"Basi limepumzika." Akalichukua gongo lake, akasimama. "Geji unayo?"

Ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Sitembei bila geji.

"Pima," akaniambia. "Mimi nitasoma."

Nikapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma kushoto, nikafungua kifuniko, nikapachika geji. Chengo akainama juu yangu, gongo kwapani, akaisogeza miwani yake.

"Ishirini na sita," akasoma. "Kadzo, mlangoni kumeandikwa ngapi, na mzigo?"

Kadzo akafungua mlango, akatazama. "Thelathini na nane."

"Kumi na mbili," akasema Chengo. Akamgeukia mwanawe. Mimi niliona ile kumi na mbili na ile kumi na tano zimesimama pamoja pale uani, na kati yao yule binti na funguo zake.

Kadzo alileta pampu ya mguu akataka kuipiga. "Mwache apige yeye," babake akasema. Nikapiga. Mtu wa umri wangu, kanzu imelowa, nikapiga kulia na kushoto mpaka goti likaanza kulia, na kila nikisimama kupumua Chengo alikuwa anainama kusoma. Thelathini. Thelathini na tatu. Ilipofika thelathini na nane akagonga gurudumu kwa gongo, mara moja, akasema basi. Kisha wakaenda kanisani.

Hajaniambia kwamba amenisamehe, wala sijamwuliza. Ila kila baada ya Jumapili mbili navuka kwenda Kisauni asubuhi, gari likiwa bado baridi. Kadzo anafungua mlango anatusomea kibandiko ingawa sote tumekikariri. Mimi napiga magoti na kushika geji. Macho yangu bado mazima, naiona nambari kabla yake, na mara nyingine nasahau nataka kuitaja. Chengo ananiwekea mkono begani.

"Ngoja," huniambia. "Niione mwenyewe."